Nini humfanya mmisionari abaki ugenini?



Siku ya kumuaga mmisionari, watu hawakosekani. Hapa Sumbawanga tumezoea kuiona siku hiyo: binti wa parokia amefunga nadhiri, shirika limemtuma Italia au Ujerumani, na Dominika ya kumuaga kanisa linajaa mpaka watoto wanakaa kwenye ngazi za altare. Kwaya ina sare mpya. WAWATA wanamfunga kitenge, wazee wanamwekea mikono kichwani, na jumuiya ndogo ndogo zinapita moja moja na bahasha, kuku na mfuko wa maharage ambao kila mtu anajua hautapanda ndege. Mama yake analia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha gari linashika njia ya Tunduma, nasi tunarudi kula pilau.

Leo sitaki tuzungumze juu ya siku hiyo. Nataka tuzungumze juu ya Jumanne moja ya mwaka wake wa tatu huko alikokwenda, siku ambayo hakuna anayeifungia kitenge.

Jumanne hiyo sista anaamka alfajiri. Masifu ya asubuhi, Misa, kahawa na kipande cha mkate. Kisha nyumba ya wazee, anakowaosha na kuwalisha bibi na babu wale wale wa jana, mmojawapo akimwuliza jina lake kila siku kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Jioni Masifu tena, rozari, chakula, kulala. Kesho hivyo hivyo. Nje kuna baridi, na si ile baridi yetu ya mwezi wa sita ambayo jua likipanda inakimbia. Hakuna simba. Hakuna mateso ya kusimulia. Akipiga simu nyumbani anaulizwa, “Za huko?” anajibu, “Nzuri,” na kweli hana zaidi ya hapo la kusema.

Hapo ndipo umisionari wenyewe unapoanza, na hapo ndipo wengi huanza kujiuliza kama wito wao ulikuwa wa kweli.

Jambo hili si geni. Evagrius, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alilieleza vizuri kuliko wengi waliokuja baadaye. Anamchora mtawa anayelitazama jua na kuona halisogei, anatoka nje kuangalia kama kuna mgeni anayekuja, anapachukia mahali alipo na kazi ya mikono yake, anawakumbuka ndugu zake, kisha anawaza kwamba pengine mahali pengine angemtumikia Mungu kwa urahisi zaidi. Mababa walimwita huyu pepo wa adhuhuri. Seminarini tulimsoma kwa ajili ya mtihani. Maisha ya parokia ndiyo humfafanua.

Kwa hiyo kuna mahubiri ambayo, nikiri wazi, siyapendi: yale yasemayo kwamba mwenye wito wa kweli hachoki. Yanasikika vizuri kwenye jubilei. Lakini yanamwacha aliyechoka akiwa peke yake, akidhani uchovu wake ni dalili kwamba Mungu amemwacha. Someni habari za nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Ametoka kushinda vita kubwa ya imani mlimani Karmeli, na muda si mrefu baadaye amelala chini ya mti jangwani anaomba afe. Malaika anayemjia hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha tena ale, kwa sababu safari bado ni ndefu. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, kule Horebu.

Sasa turudi nyumbani. Imani ya Ufipa ilipanda kutoka ziwani, na mlango wake ulikuwa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Wamisionari wa Afrika ngome yao ya pale, na kwa miaka mingi jimbo letu liliitwa Jimbo la Karema, hadi mwaka 1969 lilipoitwa Sumbawanga. Leo Karema iko Jimbo la Mpanda, mkoani Katavi, na vijana wengi wanaijua kwa bandari yake mpya. Ningependa waijue pia kwa ajili ya Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na kuuzwa utumwani. Alivushwa Sahara, na huko wamisionari wa Kardinali Lavigerie wakamkomboa kwa fedha. Walimsomesha Algeria, kisha Malta, akajifunza udaktari. Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa daktari na katekista. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei. Alioa huko huko, mkewe akiitwa Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padre. Atiman alifariki Karema mwaka 1956.

Piga hesabu, msomaji: miaka 67. Hizo ni asubuhi zaidi ya 24,000 katika kijiji kimoja. Alipofika, biashara ya watumwa ilikuwa bado haijazimwa kando ya ziwa. Walikuja Wajerumani, wakaondoka. Wakaja Wabelgiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza. Maaskofu walibadilika. Alipofariki, uhuru ulikuwa umebakiza miaka mitano. Na katika miaka yote hiyo kazi ilikuwa ile ile: homa, vidonda, macho, kina mama wajawazito, watoto, ndui, malale, na mafundisho ya katekisimu, ambayo kila kizazi kipya huanzia tena kwenye ishara ya msalaba. Mgonjwa uliyemponya mwaka 1900 hakupunguzii mgonjwa wa mwaka 1940.

Habari ya maisha yake mwenyewe ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Watu humkumbuka kwa kukombolewa kwake, na ni haki, kwa kuwa ni kisa cha kusisimua. Mimi kinachonishangaza ni ile sehemu isiyo na kisa, ile miaka 67. Ninavyomwona, hakukaa Karema kama mtu anayesubiri gari kituoni. Alioa pale, akalea pale, akajifunza dawa za miti za watu wa pale na kuzichanganya na aliyoyapata Malta. Ugeni ulimwisha kwa sababu aliruhusu uishe.

Ila tusimwachie Atiman sifa zote, kama vile alikuwa wa chuma. Nyuma yake kulikuwa na utaratibu uliofikiriwa vizuri. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika hilo mjini Algiers mwaka 1868, aliwawekea wamisionari wake masharti ambayo hakutaka mzaha nayo. La kwanza, wasikae kamwe chini ya watu watatu katika kituo kimoja. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wawili wawili. Lavigerie akaongeza wa tatu, na aliyewahi kuishi na mwenzake mmoja tu katika nyumba ya parokia wakati wa masika anaelewa kwa nini. Wawili wakikosana, nyumba imekwisha. Wa tatu ndiye anayesema, “Jamani, chai imepoa.”

La pili, wajifunze lugha ya watu na kuitumia hata wao kwa wao, si ya kununulia mayai tu.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: kila kituo kiandike shajara, siku kwa siku. Si kitabu cha ushindi. Mvua imenyesha, fundi amekuja, padre fulani ana homa, wakatekumeni wamefika. Kwa mgeni ni usomaji mkavu. Lakini ona kazi yake: mtu aliyeamka akiona hajafanya lolote tangu mwaka jana anafungua kurasa na kukuta kwamba mwaka jana hapakuwa na darasa, na sasa lipo. Kumbuka kwamba katekumenato yao ilikuwa ya miaka minne. Miaka minne ya kufundisha kabla ya kumbatiza mtu mmoja! Mkulima wa Kifipa hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Akishafukia majani kwenye matuta yetu ya mviringo, ntumba, hafukui kila wiki kuangalia kama yameoza.

Askofu Adolphe Lechaptois naye anastahili mistari michache. Kabla ya kuja huku aliongoza misioni ya kwanza ya shirika hilo huko Nyasa, kwa Mponda, iliyofunguliwa mwaka 1889. Mwaka 1891 ilikuwa imefungwa. Mwaka huo huo akakabidhiwa Vikariati ya Tanganyika, na humo akakaa hadi kifo chake mwaka 1917, Karema. Alipata hata muda wa kuandika kitabu juu ya watu wa mwambao huu na juu ya Wafipa, kikachapishwa mwaka 1913. Mtu ambaye kazi yake ya kwanza ilifungwa machoni pake alidumu miaka 26 katika kazi ya pili.

Lakini si wote waliodumu, na ningekuwa ninawadanganya nikiishia kwa mashujaa. Mwezi wa kumi tunamheshimu Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, ambaye Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa misioni mwaka 1927 ingawa hakutoka katika monasteri yake ya Lisieux kwenda misioni hata siku moja. Alikuwa na ndugu yake wa kiroho, kijana aliyeitwa Maurice Bellière, waliyeandikiana barua. Teresa alifariki tarehe 30 Septemba 1897, siku zile zile Bellière alipoondoka Ufaransa kwenda kuanza malezi kwa Wamisionari wa Afrika. Akawa padre, akatumwa Nyasa, kusini mwa uwanda wetu huu. Hakudumu. Alirudi Ufaransa akiwa amevunjika mwili na akili, akaachana na shirika, akafariki mwaka 1907 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akiwa na miaka 33.

Alikuwa na dada wa kiroho ambaye ni mtakatifu, na bado alivunjika. Sina la kumlaumu. Ninamtaja ili mzazi ambaye mwanawe amerudi kutoka misioni kabla ya wakati, na ambaye majirani wanamnong’ona, ajue kwamba amani ya Kanisa inamhusu na yeye.

Leo sisi ndio tunaotuma. Mapadre na masista wa kutoka Ufipa wako Ulaya, Marekani na nchi nyingine za Afrika. Walio na bahati wanaishi na wenzao. Wengine hukabidhiwa parokia tatu au nne za vijijini, nyumba kubwa ya mawe, na hakuna wa kusema chai imepoa. Simu ipo, tena ina picha. Ni baraka, lakini ina hila yake: mtu anaweza kukaa Bavaria mwaka mzima huku moyo wake uko Chanji, akijua nani ameoa na nani amegombana na mwenyekiti wa kigango, wala asijue jina la jirani wa ukuta wa pili. Huyo hayuko nyumbani na hayuko misioni. Ningemshauri aandike shajara kama ile ya Karema, mistari mitatu kila usiku, na walau jina moja la mtu wa huko huko aliyekutana naye siku hiyo.

Na sisi tuliobaki? Nitasema wazi, hata kama baadhi yenu mtaniona mkali. Ndugu wengi humkumbuka sista wao wa ng’ambo mara tatu kwa mwaka: ada ya shule, mabati, na ugonjwa. Hawajui kwamba yeye mwenyewe hana mshahara, na kwamba kila ujumbe wa namna hiyo humfikia akiwa amechoka na kumwongezea hatia juu ya upweke. Sisemi msimweleze shida. Yeye ni ndugu. Ila mweleze pia kwamba ulezi umekubali mwaka huu, kwamba mtoto aliyemfundisha Komunyo ya Kwanza sasa anaongoza nyimbo.

Vivyo hivyo kwa padre au sista mgeni aliyeko kwetu. Akikosea ngeli kwenye mahubiri, msicheke mpaka akaacha kujaribu. Mwalikeni nyumbani siku isiyo na sherehe, ale ugali na dagaa mnaokula wenyewe. Mfundisheni salamu za Kifipa. Anaposherehekea mwaka wa tatu, ambao hauna jubilei, mwimbieni hata ubeti mmoja.

Kwa wanaotaka kuanza leo: Roma na Berlin ziko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa majira ya baridi. Ukipiga saa tatu usiku ya kwetu, wengi watakuwa wametoka kwenye Masifu ya jioni na chakula. Usianze na mabati.