Mlango Umefunguka au Umefunguliwa? Utamu wa Riwaya za Mafumbo ya Mahali Padogo

WANAFUNZI wangu huku Likoni wana tabia moja inayonichekesha. Ukiwapa kitabu kilichoteuliwa kutahiniwa, swali lao la kwanza ni mtihani utatoka wapi. Lakini nakala yangu chakavu ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka kabla wazazi wao hawajazaliwa, haikai mezani. Inatoweka siku mbili, inarudi na alama za mafuta ya viazi karai, kisha inatoweka tena. Hakuna aliyewaambia waisome. Wahakiki wetu huiita kazi ya aina hii riwaya pendwa, na mara nyingi jina hilo hutamkwa kwa kubetua midomo, kana kwamba kupendwa ni aibu. Mimi nataka kujua inapendwa kwa nini.

Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akawa mwandishi wa habari. Hadithi hiyo ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Anayetamba humo ni Bwana Msa, mpelelezi asiye askari, na kiko chake na rafiki yake Najum. Wahakiki hawachoki kutukumbusha kwamba wawili hawa wamechongwa kwa mfano wa Sherlock Holmes na Dakta Watson. Ni kweli. Ila Holmes anafanya kazi London, mji wa watu wasiojuana, ndiyo maana lazima asome tope la kiatuni ajue mtu katoka wapi. Bwana Msa hana haja ya tope. Anakokwenda, kila mtu ni wa mtu: mke wa fulani, mtumishi wa fulani, mtoto ambaye babake hatajwi kwa sauti. Kwa hili namwona jirani zaidi na Miss Marple, yule ajuza wa Agatha Christie aliyeingia riwayani mwaka 1930, ambaye hutegua mauaji kwa kumlinganisha kila mshukiwa na majirani zake wa kijiji cha St Mary Mead.

Lipo kundi jingine, na silidharau. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) yuko jijini Dar es Salaam. Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa ndio kabisa hawatulii: magari, risasi, leo mji huu, kesho nchi nyingine. Huko mahali ni kituo cha kupitia. Kwa Bwana Msa mahali penyewe ndipo panaposhukiwa.

Na nikisema padogo sihesabu watu. Likoni si ndogo. Kivuko chetu hukadiriwa kuvusha watu wapatao 300,000 kwa siku. Lakini shuka feri, panda matatu hadi Mtongwe au Timbwani, ingia vichochoro vya ndani, kisha uulize nyumba ya mtu. Kabla hujajibiwa utaulizwa wewe: "Kwani wewe ni mwana wa nani?" Kule Changamwe, kabla Chaani na Mikindani hazijajaa wafanyakazi wa bandari, reli na kiwanda cha mafuta, walikuwako Wachangamwe na Wajomvu, wawili katika yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, na mpaka leo utampata mzee wa Jomvu ambaye maneno yako matatu tu yanamtosha kujua umetokea upande gani. Hapo ndipo padogo: mahali ambapo kujulikana hakuepukiki. Na penye kujuana hivyo, siri hufichwa kwa njia moja tu. Kila mtu anajua, hakuna anayesema.

Hapa ndipo lugha yetu inapoingia, na naomba tukae kidogo.

Hebu tazama sentensi hizi. Mlango umefunguka. Mlango umefunguliwa. Mlango umefunguliwa na Fulani. Kwa mwalimu wa sarufi, ya kwanza ni kauli ya kutendeka, ya pili kauli ya kutendwa, ya tatu ni kutendwa pamoja na mtenda wake. Twazifunza kwa majedwali, nao wanafunzi husinzia. Lakini zisome kama hadithi. Katika ya kwanza hamna mtu. Mlango ni kama umejifungua wenyewe. Labda upepo, labda shetani. Wala huwezi kumtia mtu hapo hata ukitaka, maana "umefunguka na Fulani" sikio la Mswahili linakataa. Katika ya pili mtu yupo, lakini amesimama gizani. Katika ya tatu taa imewashwa. Riwaya ya mafumbo ni safari ya kutoka -ka hadi -wa, na kutoka -wa hadi "na". Mtu amezama. Ati amezama, au amezamishwa? Amezamishwa na nani? Kile tunachokiita taharuki katika uhakiki kimekaa katika nafasi hizo mbili.

Kisa cha Mzimu wa Watu wa Kale kimejengwa juu ya maiti ya Bwana Ali, inayokutwa penye mzimu. Mzimu ni -ka iliyopewa mahali pa kukaa. Kama ni mzimu, basi hakuna mja wa kuulizwa usiku ule alikuwa wapi. Kazi ya Bwana Msa ni kuuliza maswali ya -wa mahali ambapo kila mtu angestarehe na -ka.

Nasi mitaani twastarehe nayo kweli. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa pamoja na kile cha feri, polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Katika wiki zilizofuata takriban watu 100 waliuawa, na maelfu ya wakazi wenye asili ya bara wakafukuzwa majumbani mwao. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Haya, nenda leo barazani, kahawa ikiwa moto, uulize kulikuwaje. "Vita vilizuka." Kitenzi cha ajabu hicho, kuzuka, kama uyoga baada ya mvua. "Mambo yaliharibika." "Watu walihama." Wazee hawasemi uongo. Sarufi imewapa kivuli, wameketi chini yake. Sisi wa magazeti nasi tuna chetu: "watu wasiojulikana". Maneno hayo mawili yangeiua riwaya ya Abdulla kabla ya ukurasa wa kumi, kwa sababu msomaji wake anajua tangu mwanzo kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wapo walioikataa -ka. Nimewasikia akina mama wa Kisauni na Likoni ambao wana wao walichukuliwa wasirudi, visa ambavyo mashirika kama Haki Africa na MUHURI yamekuwa yakivirekodi kwa miaka. Jirani humpa mama pole: "Pole dadangu, nasikia mtoto amepotea." Naye hujibu, "Hakupotea. Amepotezwa." Herufi mbili tu zimeongezeka, na tayari kuna mtu amesimama gizani.

Hata hivyo sitaki tuione -ka kama hila tupu. Tuna neno sitara, na ni neno la heshima. Katika nyumba za Swahili, vyumba vimepangana sita sita, ukuta mmoja kwa wapangaji wawili. Usiku wasikia ugomvi wa mwenzio neno kwa neno, asubuhi mwakutana mfereji mmoja wa maji, unamwamkia shikamoo kama hukusikia kitu. Bila hivyo mtaa haungekalika wiki moja. Binti akirudi kwao na mimba, mzee akifilisika, mja husitiriwa. Tatizo ni kwamba shuka linalofunika aibu ya jirani linatosha pia kufunika damu, na aliye nje hawezi kujua lipi limefunikwa. Bwana Msa analifunua. Msomaji wa Pwani anapata raha mbili kwa mpigo: kuona shuka likiinuliwa, na kujua kwamba halikuinuliwa nyumbani kwake.

Kwa sababu hiyo siafikiani na wanaosema mandhari katika riwaya hizi ni pambo, giza la minazi na kishindo cha kusi vya kutisha watoto. Giza ndilo shuka lenyewe. Ukiliondoa hubaki na hesabu ya nani alikuwa wapi saa ngapi, na hesabu hizo, niamini, wanafunzi wangu hawaziibi mezani.

Ng'ambo hizi za Mombasa zimekwisha kuingia riwayani kwa mlango wa pembeni. Ken Walibora alipoandika Siku Njema (1996) alimwita shujaa wake Kongowea Mswahili, jina la pale penye soko letu kubwa. Riwaya ile si ya upelelezi. Lakini kijana anayetoka Tanga akimtafuta baba asiyemjua amebeba swali lilelile la vichochoro vya Mtongwe, wewe ni mwana wa nani, na nani anajua na hasemi? Mtunzi atakayetaka kuongeza maiti hatahangaika kubuni mtaa. Likoni kuna mahali, upande lilikotua lile daraja la Liwatoni lililoelea majini mwanzoni mwa 2021, panaitwa Peleleza. Utingo huita jina hilo mchana kutwa, na abiria hushuka.