Rola moja ikipotea, mashine ya boti haifiki mbali

WAVUVI wa dagaa katika Ziwa Victoria wanayo mapumziko ambayo hayapangwi na serikali wala na tajiri mwenye mtumbwi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, nyavu zinaanikwa na mitumbwi inavutwa ufukweni. Siku hizo ndizo mafundi wa mashine za boti wanazopata kazi nyingi, kwani kila mwenye mashine anataka iwe tayari giza likirudi.

Katika haraka hiyo baadhi ya injini huharibiwa badala ya kutengenezwa. Mashine iliyopelekwa kubadilishwa pistoni na ringi inarudi majini, inakwenda safari mbili tatu, kisha inanoki mbali na nchi kavu. Mwenye mali analaumu oili, au anamlaumu muuza spea. Lakini wakati mwingine mchawi ni kipande cha chuma chembamba kama njiti ya kiberiti, yaani rola ya beringi.

Injini ndogo za petroli za mipigo miwili hazina sampu ya oili kama gari. Oili huingia pamoja na petroli, nayo ni kidogo. Ndiyo maana konrodi yake huzungukia juu ya rola nyembamba, ambazo huridhika na oili hiyo kidogo. Katika injini nyingi rola hizo hushikwa na fremu. Hata hivyo, zipo mashine za boti ambazo rola za tundu la juu la konrodi, pale inapopita pini ya pistoni, ziko huru. Ukichomoa pini zinamwagika, na huwa zaidi ya 20 kwa kila silinda.

Ikikosekana moja, zilizobaki hupata nafasi ya kulala upande na kuvunjika. Ikidondokea chini kwenye kranki ni balaa zaidi. Mchanganyiko wa hewa na petroli unaweza kuisukuma kupitia njia za pembeni za silinda hadi juu ya pistoni, na huko hupondwa dhidi ya kichwa cha silinda. Hapo gharama si ya rola tena, ni ya pistoni na silinda, pengine na konrodi yenyewe.

Fundi makini huanza kwa kuziba mdomo wa kranki kwa kitambaa safi na kutandika kingine cheupe chini ya pistoni kabla ya kugusa pini. Rola za kila silinda huwekwa kwenye kopo lake na kuhesabiwa, kisha hesabu hulinganishwa na kitabu cha vipuri cha mashine hiyo. Wapo wanaoziokota kwa sumaku. Mimi sishauri, kwa sababu rola hubaki na usumaku na kuvuta chembe za chuma.

Rola iliyogeuka rangi ya bluu imeungua. Yenye vishimo au kutu, jambo la kawaida kwa mashine iliyowahi kuzama, haifai. Ikiharibika moja, badilisha seti nzima ya silinda hiyo. Rola mpya ikichanganywa na zilizolika huwa nene kuliko wenzake, hivyo hubeba mzigo peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue rola za kuchota kwa mkono kwenye kopo la dukani. Kagua pia pini na tundu la konrodi, kwani rola mpya juu ya pini yenye makovu ni fedha iliyotupwa.

Kuzirudisha kunataka subira. Tundu likishasafishwa kwa petroli na kukaushwa, hupakwa vaselini kidogo, ambayo hushika rola na baadaye kuyeyuka injini ikipata joto. Hupangwa moja moja kuzunguka tundu. Ya mwisho inapaswa kuingia bila kulazimishwa, na nafasi inayobaki iwe ndogo kuliko unene wa rola moja. Kama nyingine ingeweza kuingia, hesabu haijatimia. Kama ya mwisho inagoma, weka nyundo mbali, tafuta uchafu au rola isiyo ya saizi hiyo.

Baada ya hapo hutumika pini ya bandia, kipande cha mti kilichochongwa kwa unene wa pini halisi lakini kifupi, kisichozidi upana wa konrodi na washa zake mbili. Hicho hushikilia rola wakati pistoni inashushwa mahali pake, mshale wake ukielekea upande wa ekzosi kama kitabu kinavyoonyesha. Pini halisi ikisukumwa huingia ikikifukuza kipande hicho upande wa pili, na rola hazipati nafasi ya kudondoka. Vibanio vya pini viwe vipya. Vya zamani hulegea.

Mwenye mashine naye asikae pembeni. Mapatano na fundi yataje kwamba rola za zamani zitarudishwa mkononi mwake, zikiwa zimehesabiwa, kabla fedha ya mwisho haijatoka. Katika saa za kwanza za kazi, mashine inayotumia lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli kwa kawaida hupewa lita 1 kwa 25, bila kuvutwa mafuta hadi mwisho wala kupakiwa mzigo wa kujaa.