Nano Si Hirizi

Madukani siku hizi kila kitu ni nano: nta ya gari, rangi ya ukuta, dawa ya kuziba paa, hata stika ya kubandika nyuma ya simu eti ipunguze mionzi. Neno lenyewe limegeuka hirizi, chupa inavishwa na bei inapanda. Hakuna anayeuliza ndani mna chembe gani, kiasi gani, zinafanya kazi gani. Inaniudhi, kwa sababu nyuma ya upuuzi huo ipo elimu ya kweli, na epoksi, ile plastiki inayogandishwa kwa kemikali, ni mahali pazuri pa kuiona.

Kwanza niondoe kosa ninalokutana nalo kila mara, hata kwa wahandisi: kudhani kwamba kitu kigumu hakivunjiki. Epoksi iliyochanganywa na hadina (kigandishi chake) ikaganda sawasawa huhimili mvuto wa megapaskali 60 hadi 80, na hiyo si haba kwa plastiki. Lakini ichanje kwa wembe, kisha uikunje. Itakatika ghafla, na uso wa mkatiko utang'aa kama kioo. Nguvu ni jambo moja. Ushupavu, yaani uwezo wa kuzuia ufa usikimbie, ni jambo jingine kabisa. Mwingereza A. A. Griffith alilifafanua mwaka 1921 alipochunguza kuvunjika kwa kioo: ufa husonga pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia uso mpya unaofunguka. Kwa epoksi ya kawaida, gharama hiyo ni kama juli 100 kwa mita ya mraba. Kwa aloi za alumini za ndege huzidi 10,000.

Dawa ya zamani ni mpira. Tangu miaka ya 1960, kufuatia kazi ya Frederick McGarry na wenzake huko MIT, mpira wa majimaji huyeyushwa ndani ya epoksi, nao hujitenga kuwa matone madogo epoksi inapoganda. Ushupavu hupanda mara kadhaa, ila epoksi hulegea, na mara nyingi ustahimilivu wake wa joto hupungua.

Dawa mpya ni chembe za nano, na nilikusudia kuigawa sura hii sawasawa kati ya silika (madini ya mchanga), mirija ya kaboni, grafini na udongo wa mfinyanzi. Silika hainiachii nafasi, na sioni sababu ya kuiharakisha. Hapa nazungumzia chembe za nanomita 20, zilizokuzwa ndani ya kimiminika na kupakwa kemikali ili zisishikane. Mwaka 2007, Johnsen, Kinloch na wenzao wa Imperial College London walichapisha vipimo vyao: chembe hizo zilipofika asilimia 13 na kidogo ya ujazo, gharama ya ufa ilipanda kutoka juli 100 hadi 460. Epoksi haikulegea, ukakamavu wake uliongezeka, kutoka gigapaskali 2.96 hadi 3.85.

Wengi hueleza kwamba chembe ziliuziba ufa njia. Si kweli. Ncha ya ufa ni pana mno kuhangaishwa na kitu cha nanomita 20. Kinachotokea ni hiki: mbele ya ncha, epoksi huvutwa pande zote kwa pamoja, na ikivutwa hivyo haina nafasi ya kunyumbuka. Baadhi ya chembe hubanduka, na kila inayobanduka huacha upenyo kuizunguka. Sasa epoksi ya pembeni imepata pa kwenda, nayo inanyooka, inajipinda, inakula nishati. Ukiuangalia uso uliovunjika kwa hadubini ya elektroni utaona vishimo vya nanomita kama 30, na ndani ya baadhi yake chembe bado imekaa. Katika mchemraba wa maikromita moja tu, kwa kiasi kile cha asilimia 13, mna chembe zaidi ya 30,000. Kwa hiyo kazi inafanywa na epoksi yenyewe, na chembe huifungulia tu. Ndiyo maana epoksi ambayo wavu wake wa molekuli umekazwa mno, isiyoweza kunyumbuka hata ikipewa nafasi, haifaidiki sana.

Hapo ndipo anapokosea anayenunua unga mkavu na kuukoroga kwa kijiti. Gramu moja ya chembe za nanomita 20 ina uso wa mita za mraba zipatazo 136, na nyuso hizo zote zinavutana. Unachomimina ni mabonge yenye hewa ndani, na kila bonge ni mwanzo wa ufa. Mafundi wa boti wanaujua vizuri unga mweupe mwepesi wa silika unaozuia epoksi isichuruzike ukutani. Nao ni silika, na punje zake za asili ni ndogo vilevile, lakini zimeungana kwa minyororo, na minyororo hiyo ndiyo inayofanya epoksi iwe nzito. Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake (vaa barakoa unapoipima), ila usiitarajie matokeo ya Imperial College. Epoksi iliyokuwa nzito hivyo haipenyi hata kwenye kitambaa cha faiba.

Faiba nazo zina kodi yake. Nyuzi za kioo zina unene wa maikromita kumi na kitu, za kaboni kama 5 hadi 7, na zimesongamana. Eneo ambalo epoksi ingenyumbuka mbele ya ufa linabanwa katikati yao, kwa hiyo ongezeko kubwa lililopimwa kwenye epoksi tupu hufika pungufu kwenye tabaka za faiba. Mirija ya kaboni, iliyo mirefu na yenye kujisokota, hunaswa na kitambaa chenyewe epoksi inapovutwa kupita, ikarundikana mlangoni huku ndani ikiingia epoksi tupu. Namba zinazochapishwa kwenye vipeperushi vya wauzaji mara nyingi ni za epoksi tupu. Kipimo cha kuwadai ni kile ambamo kipande chenye tabaka za faiba, kilichotiwa ufa upande mmoja, hubanduliwa polepole kwa mashine huku nguvu ikiandikwa kwa kila milimita ambayo ufa unasogea.