Ngazi Inayoongoza Mitambo

Mkanda wa kusafirishia chupa kiwandani hauna budi kutii amri kwa utaratibu. Kitufe kikibonyezwa, uanze kwenda; kidole kikiondolewa, usisimame. Zamani kazi hiyo ilifanywa na rilei, yaani swichi zinazoungana na kuachana kwa nguvu ya sumaku ya umeme. Kila kazi ya kiwanda ilipobadilika, mafundi walilazimika kufumua nyaya na kuziunga upya.

Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitafuta njia ya kuondoa adha hiyo. Mwaka uliofuata Richard Morley na wenzake walitoa Modicon 084, kompyuta maalumu ya kuongoza mitambo. Maagizo yake yaliandikwa kwa mfano wa michoro ya rilei, ambayo mafundi wa umeme walikuwa wamekwisha kuizoea.

Mchoro huo hufanana na ngazi. Kila kipandio ni agizo moja: kushoto huwekwa masharti, kulia tendo. Kipandio cha mkanda wetu husema hivi: ikiwa kitufe cha kuwashia kimebonyezwa, au mota imekwisha kuwashwa, na kitufe cha kuzimia hakijabonyezwa, basi mota ipate umeme. Neno “au” ndilo linaloufanya mkanda uendelee baada ya kidole kuondoka. Kompyuta husoma hali ya swichi, hupitia vipandio toka juu hadi chini, hutoa amri, kisha huanza tena, mara nyingi katika kila sekunde.

Leo mwanafunzi aweza kujifunza haya bila mtambo. Ziko programu za uigaji katika intaneti ambamo huchora ngazi, hubonyeza kitufe cha picha, na kuona mota ya picha ikizunguka. Akikosea, hapana kinachoungua wala anayeumia.

Lakini waya wa picha haukatiki, na hapo ndipo penye hatari. Kitufe halisi cha kuzimia huungwa kwa namna ya kupitisha umeme wakati wote. Kikibonyezwa, umeme hukatika na mtambo husimama. Kama kingepitisha umeme pale tu kinapobonyezwa, waya wake ukitafunwa na panya, fundi angebonyeza bure huku mkono wa mwenzake umenaswa. Kwa mpango wa kwanza, waya ukikatika mtambo husimama wenyewe. Aidha, kitufe cha dharura hakiachiwi programu ya kawaida peke yake. Hufungiwa njia yake ya kukata umeme wa mota.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa betri za tochi, swichi na balbu vilivyoungwa mfululizo. Balbu ikiwaka, na achomoe waya wowote: itazimika. Kisha wanafunzi warudi kwenye ngazi waliyoichora, na kwa kila swichi wajiulize: waya huu ukikatika, mtambo utasimama au utaendelea?