Fahamu: Kwa nini wanafunzi wa udaktari bado hupasua maiti?

Picha za kompyuta zipo, lakini vyuo vingi vya udaktari bado hutumia maiti zilizohifadhiwa kwa fomalini. Sababu kubwa ni kwamba miili haifanani. Ateri ya kifuko cha nyongo, kwa mfano, haipiti njia moja kwa watu wote. Daktari wa upasuaji asipoitambua, anaweza kukata ateri inayolisha ini.

Kupasua maiti pia husahihisha vitabu. Galen, tabibu wa kale aliyepasua wanyama, alifundisha kwamba taya la chini lina mifupa miwili. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, Italia, alionyesha kuwa la binadamu ni mfupa mmoja.

Maiti hutoka wapi? Wapo wanaojitolea wakiwa hai. Kwingine sheria huruhusu kutumia zile zisizo na ndugu wa kuzichukua.