Idli, sambar na chatne: Mlo bila nyama unavyoujenga mwili

Katika nyumba nyingi za Tamil Nadu na Karnataka, kusini mwa India, kifungua kinywa ni idli: vikate vyeupe vya mviringo vinavyoiva kwa mvuke, na huliwa kwa mchuzi wa sambar pamoja na chatne ya nazi. Hakuna nyama, samaki wala yai. Je, protini inatoka wapi?

Tuanze na idli. Mchele huchanganywa na urad, jamii ya choroko yenye ganda jeusi, kwa kawaida mchele ukiwa mara tatu au nne zaidi. Hulowekwa, husagwa hadi kuwa rojo zito, hutiwa chumvi na kuachwa usiku kucha. Haitiwi hamira. Bakteria waliomo kwenye nafaka na kunde zenyewe, hasa Leuconostoc mesenteroides, hula sukari na kutoa asidi na gesi. Asubuhi rojo limefura, limejaa mapovu na linanukia uchachu.

Kuchacha huko hupunguza fitati, kemikali inayoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe na utumbo.

Ama protini, siri ni ndoa ya nafaka na kunde. Mchele una upungufu wa lisini, asidi amino ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Kunde zina lisini tele, ila asidi amino nyingine, methionini, ni haba, nayo imo kwenye mchele. Si lazima viliwe kwa pamoja. Vikiliwa siku hiyohiyo inatosha.

Sambar huongeza kunde nyingine: mbaazi, zilezile ambazo watu wa Pwani huzipika kwa nazi na ambazo wakulima wa Lindi na Mtwara huziuza India. Zikishakobolewa, huchemshwa hadi zivurugike, ndipo huingia ukwaju, nyanya, bilinganya au maganda mabichi ya mlonge. Mwisho mpishi hupasha mafuta moto, hutia mbegu za haradali hadi zipasuke, huongeza mvuje na pilipili kavu, kisha humwaga vyote ndani ya chungu.

Hata hivyo, mlo huu una mapengo yake. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea. Wengi wa Wahindi wasiokula nyama huipata kwenye maziwa na mtindi. Asiyetumia hata maziwa na mtindi anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Achari inayoliwa kando ya mlo nayo huhifadhiwa kwa chumvi nyingi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Na kahawa inayofuata idli, kama ilivyo chai yetu ya rangi, huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma.

Kanuni hizi zinafaa pia kwa wali na maharage. Kamulia ndimu, kwani vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Achari iwe ya kuonja tu. Na chai isubiri walau saa moja baada ya kula.