Kujitoa katika Mkataba Mmoja Hakufuti Ahadi Zote

Katika makala yetu ya leo tunakusudia kulitazama jambo linalozigusa familia nyingi za Kiislamu zilizotawanywa na vita: kwa nini nchi iliyomo katika umoja fulani hukataa kufuata baadhi ya sheria za umoja huo, hususan zile zinazohusu wakimbizi? Tuchukue mfano wa Denmark.

Nchi hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuuridhia Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Ilifanya hivyo Desemba 1952. Hata hivyo, tarehe 2 Juni 1992 wananchi wake waliukataa kwa kura ya maoni Mkataba wa Maastricht ulioasisi Umoja wa Ulaya. Wengi walichelea kwamba taifa lao dogo lingemezwa na mataifa makubwa.

Kwa kuwa mkataba ule haukuweza kuanza kazi bila ya nchi zote kuuridhia, wenzao walikubaliana nao mjini Edinburgh, Desemba 1992, kwamba Denmark ibaki nje katika mambo manne: sarafu, ulinzi, uraia, na masuala ya sheria na mambo ya ndani. Mwaka 1993 wananchi wakaukubali. Jambo hilo la nne ndilo lililoiweka Denmark nje ya sheria za pamoja za hifadhi zilizotungwa baadaye. Mwaka 2015 wananchi waliulizwa kama wangependa kulilegeza, nao wakakataa.

Lakini mwaka 2006, kwa makubaliano ya pembeni, Denmark iliingia katika utaratibu wa Dublin, ambao mara nyingi humrudisha mwombaji hifadhi katika nchi ya Ulaya aliyoingilia kwanza. Hivyo tunaona kwamba kujitoa ni kuchagua: linalofaa huchukuliwa, linalolemea huachwa.

Je, aliyejitoa amekuwa huru kufanya atakalo? La hasha. Mwaka 2016 Denmark iliamua kuwa wakimbizi wenye hifadhi ya muda wasubiri miaka mitatu kabla ya kuomba kuunganishwa na familia zao. Mkimbizi mmoja kutoka Syria, aliyezuiwa kuungana na mkewe, alifungua shauri. Julai 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya maisha ya familia imevunjwa. Mahakama hiyo si ya Umoja wa Ulaya. Inasimamia mkataba mwingine, wa mwaka 1950, ambao Denmark haikujitoa. Baadaye muda ule ulipunguzwa ukawa miaka miwili.

Sisi ambao kalenda yetu huanzia katika Hijra tunaujua uzito wa kupokewa ugenini. Hatuikatalii nchi yoyote haki ya kujitungia sheria zake. Tunachosema ni kwamba mtu hupimwa kwa ahadi alizobaki nazo, na taifa vivyo hivyo. Miaka mitatu ni muda mfupi kwa serikali. Kwa mke aliyeachwa katikati ya vita ni mirefu mno.

Wabillahi tawfiq.